Sweta, Bastola na Basi la Mahabusu: Polisi wa Treni wa New York, 1990–1995

Mtu akisikia jeshi la polisi linabadilishwa sare, nembo au rangi za magari, swali lake la kwanza ni la fedha: zimetumika ngapi? Ni swali la haki. Lakini katika kisa hiki, aliyeuliza bei ya masweta peke yake alikuwa anahesabu senti huku noti zikipita nyuma yake.

Jeshi lenyewe liliitwa New York City Transit Police, yaani Polisi wa Treni. Lilinda usalama kwenye treni za chini ya ardhi za jiji hilo: vituo zaidi ya 460, treni zinazokwenda saa 24 bila kufunga hata sikukuu. Aprili 1990 likapata mkuu mpya kutoka Boston, William Bratton, naye akaanza kulibadilisha sura kuanzia mavazi hadi silaha. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Aprili 1995 jeshi hilo likafutwa. Halikufutwa kwa kushindwa kazi. Siku ya mwisho lilikuwa katika hali bora kuliko wakati wowote wa uhai wake, na hilo ndilo linalofanya kisa hiki kistahili kuchambuliwa.

Askari wa daraja la pili

Treni za chini ya ardhi za New York zilifunguliwa tarehe 27 Oktoba 1904. Kwa miaka mingi hazikuwa na polisi wao. Mwaka 1936, wakati wa meya Fiorello La Guardia, waliajiriwa walinzi maalumu 160 kwa ajili ya njia iliyomilikiwa na jiji. Mwaka 1953 ilipoundwa New York City Transit Authority, mamlaka ya treni na mabasi ya jiji, walinzi hao, ambao sasa walikuwa wengi zaidi, wakawekwa chini yake. Mwaka 1965, baada ya uhalifu kupanda, meya Robert Wagner aliagiza kila treni na kila kituo kiwe na askari kuanzia saa 2 usiku hadi saa 10 alfajiri, na idadi yao ikapanda kufikia maelfu.

Kwa hiyo wakawa jeshi kamili, lenye mamlaka ya kukamata na kubeba silaha kama jeshi lingine lolote la jiji. Heshima ndiyo haikuja. Askari wa NYPD, polisi wakubwa wa jiji wanaofanya kazi juu ya ardhi, waliwaita “polisi wa pangoni”. Kijana aliyefaulu mtihani wa kuajiriwa alitaka apangiwe NYPD. Ukiangukia kwenye treni, ulijiona umebakizwa. Redio zao zilifanya kazi kwenye masafa tofauti na ya NYPD, kiasi kwamba askari wawili wa jiji moja, mmoja akiwa ngazini na mwingine barabarani juu yake, hawakuweza kuzungumza. Na huko chini kwenyewe kulikuwa na sehemu nyingi ambako redio ilikuwa bubu kabisa.

Kuna pia madoa yaliyoonwa na nchi nzima. Septemba 1983 kijana Michael Stewart alikamatwa na Polisi wa Treni akidaiwa kuchora ukutani kituoni, akafikishwa hospitali akiwa hajitambui, akafariki baada ya siku 13. Askari 6 walioshitakiwa waliachiwa huru mwaka 1985. Kabla kesi haijaisha, tarehe 22 Desemba 1984, abiria Bernhard Goetz aliwapiga risasi vijana wanne ndani ya behewa la treni namba 2, na sehemu kubwa ya jiji ikampigia makofi. Tafsiri ya makofi yale kwa polisi haikuwa ngumu: abiria walikuwa wameshakata tamaa kwamba kuna mwenye sare atakayewasaidia.

Ushahidi mwingine ulikuwa umevaa bereti nyekundu. Tangu 1979 kikundi cha kiraia kilichoitwa Guardian Angels, kilichoanzishwa na Curtis Sliwa, kilikuwa kikifanya doria kwenye treni. Hawakuwa na silaha wala mamlaka yoyote ya kisheria. Walikuwa na bereti nyekundu, fulana zenye nembo, na mkao wa watu wanaojiamini. Abiria aliwatambua kutoka mwisho wa behewa. Polisi halali, wenye pingu na bastola, walikuwa hawatambuliki kirahisi namna hiyo. Sijui kama kuna aliyewahi kukaa na kulipima jambo hili, ila kwangu ni kipimo tosha cha hali ya jeshi: watu wa kujitolea wamekushinda kwa kofia.

Kwanza yalisafishwa mabehewa

Wazo la kubadili sura halikuanza na polisi. Lilianza na treni zenyewe. Robert Kiley, mwenyekiti wa MTA, shirika la jimbo linaloisimamia Transit Authority, alimleta David Gunn mwaka 1984 kuiongoza Transit Authority. Gunn akaweka kanuni isiyo na huruma: behewa lililosafishwa likichorwa tena, halirudi kwenye njia mpaka lisafishwe. Wachoraji waliotumia usiku kucha kwenye yadi wakawa hawaioni kazi yao ikipita mbele ya watu asubuhi. Tarehe 12 Mei 1989 behewa la mwisho lenye michoro likaondolewa kwenye huduma. Miaka 5 ya kazi, behewa kwa behewa.

Hapo mamlaka ya treni ikajikuta na mabehewa safi yaliyojaa watu wenye hofu. Mshauri wao George Kelling, mmoja wa waasisi wa nadharia ya madirisha yaliyovunjika (kwamba makosa madogo yakiachwa hukaribisha uhalifu mkubwa), aliwaambia kuwa kinachowatisha abiria ni mkusanyiko wa mambo madogo: mlevi anayefoka, mtu anayekojoa ngazini, kijana anayeruka geti la nauli mbele ya macho ya kila mtu bila kuulizwa. Oktoba 1989 ikaanzishwa operesheni ya kusimamia kanuni za vituoni. Haikuenda mbali. Watetezi wa wasio na makazi walikwenda mahakamani, na Januari 1990 jaji mmoja wa shirikisho akaamua kuwa kuombaomba kwenye treni ni uhuru wa kujieleza, uamuzi uliotenguliwa na mahakama ya rufaa miezi michache baadaye. Lakini tatizo kubwa lilikuwa ndani ya jeshi. Askari wenyewe hawakuitaka kazi ile. Waliona wameajiriwa kukamata majambazi, sasa wanaambiwa wafukuze walevi.

Ndipo Kiley akamwita Bratton.

Getini, mwaka 1990

Ili kuelewa alichokikuta, tusimame kidogo kwenye geti la nauli. Nauli ilikuwa dola 1.15, na ililipwa kwa tokeni, kisarafu cha shaba unachokitumbukiza kwenye tundu ndipo geti lizunguke. Wezi wa tokeni walikuwa na mbinu yao: mtu anaziba tundu kwa kipande cha karatasi, anasubiri pembeni. Abiria anatumbukiza tokeni, geti haligeuki, anahangaika, anahamia geti jingine. Mwizi anarudi, anaweka mdomo kwenye tundu lile lililoguswa na vidole vya jiji zima, na kuinyonya tokeni itoke. Kuna wahudumu wa vituo waliofikia kunyunyiza unga wa pilipili kwenye tundu ili mnyonyaji aupate. Mageti yakishazibwa hivyo, mtu mwingine anaushikilia mlango wa dharura wazi na kuwapitisha abiria, akidai nauli mkononi mwake.

Bratton mwenyewe ameeleza kuwa hali ya namna hiyo ndiyo iliyompokea alipoanza kupanda treni za New York kama abiria wa kawaida.

Takwimu iliyotumiwa na mamlaka wakati huo ni kwamba watu takriban 170,000 walipita bila kulipa kila siku. Zidisha kwa dola 1.15 na unapata dola 195,500 kwa siku, zaidi ya milioni 70 kwa mwaka. Hesabu hii ina kasoro yake, maana si kila aliyeruka geti angelipa kama angezuiwa. Wengine wangetembea tu kwa miguu. Hata ukiikata nusu, bado ni fedha ya kutisha, na ni fedha ya mwajiri wa polisi hao hao. Hapa ndipo sababu ya kweli ya mabadiliko inapoonekana. Jeshi lilikuwa mali ya shirika la usafiri lililokuwa likipoteza nauli na kupoteza abiria. Likiwa legelege, hasara inaonekana kwenye daftari la mauzo.

Sura mpya ilikuwa ya nani?

Alichofanya Bratton kinaweza kutajwa kwa pumzi moja: sare mpya, zikiwemo sweta za mtindo wa makomandoo zenye mikanda mabegani; magari mapya; redio bora; na bastola za milimita 9 zinazojipakia zenyewe, badala ya bastola za zamani za risasi 6. Kwenye bastola alisubiriwa na upinzani. NYPD wenyewe walikuwa bado na zile za zamani. Wao waliruhusiwa kuanza kuhama mwaka 1993. Kwa mara ya kwanza polisi wa pangoni wakawa na kitu ambacho wakubwa wa juu hawana.

Wachambuzi wengi hupita hapa haraka na kusema Bratton alikuwa mtu wa kupenda mbwembwe. Mbwembwe alikuwa nazo, hakuna anayebisha, na alikuwa na uzoefu nazo pia: Boston alikuwa ameongoza polisi wa MBTA, yaani treni na mabasi ya mji ule, kisha jeshi jingine dogo lililodharauliwa, na kote alianza na vifaa na muonekano. Lakini tazama orodha ile tena. Bastola haionekani na abiria ikiwa ndani ya ala. Redio haimhusu abiria. Sweta, labda, kidogo. Mteja wa sura hii mpya alikuwa askari mwenyewe, yule aliyekuwa akiona aibu kujitambulisha kwenye sherehe ya familia kuwa yeye ni polisi wa treni. Bratton alimhitaji mtu huyo akubali kufanya kazi aliyoichukia, ya kusimama getini na kukamata watu kwa dola 1.15. Sweta lilikuwa sehemu ya bei ya kumnunua.

Ukiiangalia hivyo, gharama inapimika. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kila mmoja kati ya watu karibu 4,500 wa jeshi hilo (hiyo ndiyo idadi ya askari na raia waliokuwemo mwaka 1994) alipewa mavazi ya dola 100. Jumla ni dola 450,000. Hiyo ni nauli iliyokuwa ikipotea ndani ya siku 2 na ushee. Sitaki mtu aichukue hesabu hii kama bei halisi, ni ya kuonyesha ukubwa tu. Redio na bastola zilikuwa ghali kuliko mavazi. Ila katika jeshi lolote la polisi fedha nyingi zinakwenda kwenye watu: mishahara, ovataimu, bima, pensheni. Kitambaa ni makombo.

Basi

Kama Bratton angeishia kwenye sweta, kisa hiki kisingekuwa na la kuchambua. Kilichofanya sura mpya isiwe kinyago ni kitu kisichovutia hata kidogo: utaratibu wa karatasi za kukamata.

Kabla ya hapo, askari aliyemkamata mrukaji wa geti alipaswa kumpeleka kituo cha kati cha mahabusu, kusubiri foleni, alama za vidole, picha, mafaili. Zamu nzima ingeweza kuishia hapo. Askari mwenye akili zake alijifunza kutazama pembeni. Bratton na watu wake wakachukua basi la jiji, wakalitengeneza upya kuwa ofisi yenye simu, vifaa vya alama za vidole na uwezo wa kuangalia kama mtu ana hati ya kukamatwa, wakaliegesha nje ya kituo husika. Muda wa kumshughulikia mtuhumiwa ukashuka hadi kama saa moja.

Operesheni yenyewe ilikwenda hivi. Askari kanzu, hadi 10, wanajipanga karibu na mageti ya kituo kimoja. Anayeruka anakamatwa, anafungwa pingu, anasimamishwa kwenye jukwaa la treni. Wa pili anaunganishwa naye. Wa tatu. Mlolongo unakua huku treni zinaingia na kutoka, na abiria waliolipa wanaupita wakiutazama, mpaka umejaa ndipo wote wanapandishwa juu kwenye basi. Kudhalilishwa hadharani kulikuwa sehemu ya mpango, na hakuna aliyejaribu kukuficha.

Matokeo yaliwashangaza askari kuliko mtu yeyote. Kati ya kila watu 7 waliokamatwa kwa nauli, mmoja alikuwa anatafutwa kwa hati ya kukamatwa iliyokwishatolewa. Kati ya kila 21, mmoja alikuwa na silaha ya aina fulani. Askari aliyekuwa akinung'unika kwamba anakimbizana na wezi wa nauli akagundua kuwa kila anayempekua getini ni bahati nasibu, na mara nyingine anaibuka na bastola. Hapo morali iliyonunuliwa kwa sweta ikapata chakula.

Mnamo Septemba 1990 tukio baya lilitokea: kijana wa miaka 22 kutoka Utah, aliyekuja na familia yake kutazama tenisi ya US Open, alichomwa kisu na kuuawa katika kituo cha Seventh Avenue, barabara ya 53, akiwatetea wazazi wake waliokuwa wakiporwa. Mwaka huo watu 26 waliuawa kwenye treni na vituo vya New York. Hasira za umma zilimsukuma meya David Dinkins na bunge la jimbo kupitisha, mwanzoni mwa 1991, mpango wa Safe Streets, Safe City ulioongeza kodi ili kuajiri maelfu ya polisi, Polisi wa Treni wakiwemo. Mtu yeyote anayetaka kusema uhalifu ulishuka kwa sababu ya sare na basi lazima akumbuke kuwa katika kipindi kile kile askari waliongezwa kwa wingi kwa fedha za walipa kodi. Uhalifu kwenye treni ulishuka kweli, na kwa miaka mingi mfululizo. Kipi kilifanya kazi kiasi gani, wasomi wanabishana mpaka leo, na wanaojitangazia ushindi wote peke yao ni wale walioandika kumbukumbu zao.

Mwaka 1991 jeshi likapata ithibati ya kitaifa, likiwa moja kati ya majeshi 175 tu nchini yenye hadhi hiyo na la pili katika jimbo la New York. Polisi wa pangoni walikuwa na cheti ambacho NYPD hawakuwa nacho. Januari 1992 Bratton akarudi Boston.

Bili ya upande mwingine wa geti haikuandikwa kwenye bajeti yoyote. Waliofungwa pingu kwa dola 1.15 walikuwa, kwa sehemu kubwa, maskini, Weusi na Walatino, na rekodi ya kukamatwa ilimfuata mtu kwenye maombi ya kazi na ya nyumba. Mwaka 2017 mwendesha mashitaka wa Manhattan, Cyrus Vance, alitangaza kuwa ofisi yake itaacha kuwafungulia kesi za jinai wengi wa wanaokwepa nauli.

Anayelipa mishahara

Sasa tuje kwenye mwisho wa jeshi, ambao kwangu ndio mgumu zaidi wa kisa hiki.

Polisi wa Treni walikuwa na ubovu wa kuzaliwa. Mwajiri wao alikuwa Transit Authority, ambayo iko chini ya MTA, na MTA ni shirika la jimbo: mwenyekiti wake anateuliwa na gavana. Lakini fedha za kuwalipa zilitoka kwa sehemu kubwa kwenye mfuko wa jiji, mfuko wa meya. Meya alilipa, gavana ndiye mwenye neno la mwisho. Mameya kabla ya Rudolph Giuliani walitamani kuliunganisha jeshi hili na NYPD, wakakwama kwenye siasa za jimbo, vyama vya wafanyakazi na upinzani wa MTA yenyewe.

Giuliani aliingia ofisini Januari 1994 akiwa na vitu viwili ambavyo wenzake hawakuwa navyo. Cha kwanza ni ubishi. Cha pili ni Bratton, aliyemrudisha New York safari hii kama kamishna wa NYPD. Mtu aliyewapa Polisi wa Treni fahari yao ndiye aliyekuwa upande wa pili wa meza wakati wanafutwa. Sioni usaliti hapo, ingawa wapo wastaafu waliouona. Kila mtu hutetea ofisi anayoikalia.

Hoja za muungano zilikuwa na uzito. Majeshi mawili maana yake vyuo viwili, ofisi mbili za makao makuu, mifumo miwili ya redio, vikosi viwili vya upelelezi vinavyomfukuza mwizi yule yule anayepora juu na kukimbilia chini. Na Agosti 1994 jambo lililohofiwa kwa muda mrefu lilitokea: katika kituo cha Lexington Avenue, tena barabara ile ile ya 53, askari wa NYPD aliyekuwa nje ya zamu alimkuta mtu mweusi aliyevaa kiraia akiwa na bastola mkononi, akampiga risasi kadhaa mgongoni. Alikuwa askari kanzu wa Polisi wa Treni akiwa kazini. Alinusurika. Aliyefyatua alitiwa hatiani mwaka 1996. Sweta za komandoo hazikuwa na msaada kwa askari ambaye kazi yake ilikuwa kutovaa sare, na sidhani pia kama kuunganisha majina mawili kunatibu macho yanayomwona mtu mweusi mwenye silaha na kuamua papo hapo kuwa ni mhalifu.

MTA ilivutana na jiji kwa mwaka mzima na zaidi. Wasiwasi wao haukuwa wa kijinga: askari akishakuwa wa NYPD, siku jiji likiwa na maandamano au gwaride, nani atamzuia kamishna asiwavute askari wa treni wapande juu? Mwisho wa siku meya alitumia fimbo aliyokuwa nayo, yaani mkoba. Makubaliano yakatiwa saini, na dakika ya kwanza ya tarehe 2 Aprili 1995 Polisi wa Treni wakawa idara ya NYPD. Wiki chache baadaye polisi wa nyumba za umma nao wakamezwa.

Kwa hiyo nembo iliyosafishwa, iliyopewa ithibati, iliyorudishiwa heshima, ilidumu miaka 5. Wale waliokuwa wakitamani NYPD kwenye mtihani wa ajira wakaipata bila kuomba. Mmoja wao alikuwa Eric Adams, aliyeanza kazi Polisi wa Treni mwaka 1984, akahamia NYPD kwa muungano huo, akastaafu na cheo cha kapteni, na mwaka 2022 akawa meya wa jiji.

Bili iliyochelewa

Nilisema mwanzoni kuwa swali la gharama huulizwa mahali pasipo na fedha nyingi. Muungano unaonyesha zilipokuwa. Kubandua nembo na kubandika nyingine ni kazi ya wiki kadhaa. Kuoanisha ukongwe kazini, vyeo na pensheni za maelfu ya askari ni kazi ya miaka na mawakili.

Na redio? Kutoongea kati ya juu na chini ilikuwa moja ya hoja zilizosikika sana za kuunganisha. Jeshi likawa moja, sare ikawa moja, redio zikaendelea kuwa mbili. Mradi wa kuwezesha redio za NYPD kufanya kazi chini ya ardhi uligharimu takriban dola milioni 140, ukakamilika kwenye makaratasi mwaka 2004, na mwaka 2007 magazeti ya New York yaliripoti kuwa polisi walikuwa bado hawautumii kwa sababu sauti ziliingiliana na kukatika. Yaani miaka 12 baada ya majina kuunganishwa, askari aliye kwenye jukwaa la treni na mwenzake aliye juu ya ngazi walikuwa bado na tatizo la mwaka 1990.

MTA nayo haikukaa muda mrefu bila polisi. Tarehe 1 Januari 1998 iliunganisha polisi wa reli mbili za vitongojini, Long Island Rail Road na Metro-North, ikawapa jina jipya la MTA Police, chini ya mamlaka yake na mfuko wake. Mwaka 2019 gavana Andrew Cuomo alitaka askari 500 zaidi wa jeshi hilo waajiriwe, wengi wao wakafanye kazi kwenye treni za jiji, yaani kwenye eneo ambalo tangu 1995 ni la NYPD. Sababu iliyotolewa ilikuwa ukwepaji wa nauli, mashambulizi kwa wafanyakazi, na watu wasio na makazi vituoni. Ni orodha ile ile iliyomleta Bratton. Kwa hesabu za MTA yenyewe, askari hao 500 wangegharimu dola milioni 249 kwa miaka 4, na wakaguzi wa bajeti wakauliza mara moja kama fedha itakayookolewa kwenye nauli ingefika hata karibu ya hapo. Rangi ya magari yao haikuulizwa na mtu.